Karai la Umoja

Nchi hii haipo. Wenyewe wanaoishi humo wameomba sana jambo hilo litangulizwe, na kwa kuwa wengi wao wana watoto wa kulea na vibarua vya kulinda, ni vyema kuwasitiri. Jina pia haina. Jina lilipelekwa kwenye kamati mwaka ule wa uhuru, kamati ikaomba muda wa kutafakari, na hadi leo wajumbe hukutana kila Alhamisi wakanywa chai ya maziwa na kuahirisha. Basi iitwe Jamhuri tu, kama wanavyoiita wao, kwa sauti ya chini na baada ya kuangalia nyuma.

Katika Jamhuri hiyo alikuwako mjane mmoja, Bi Sihaba, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na minane, mwenye ulimi usiojua kutulia hata pale kutulia kungemfaa. Cheo chake kilikuwa Mchochea Kuni Mkuu wa Karai la Umoja. Cheo kirefu, kazi fupi. Mara moja kwa mwaka, Siku ya Kuloweka, alikoka moto chini ya karai kubwa la shaba lililowekwa katikati ya uwanja wa taifa, akapasha maji, na mbegu zote za kabichi za nchi nzima zikamiminwa humo kabla ya kugawiwa wakulima. Na mbegu za kabichi si jambo la mzaha huko. Watu wa Jamhuri hula kabichi asubuhi, mchana na jioni, na hata bendera yao ina kabichi katikati, Mtukufu Mlezi wa Taifa akiwa amesimama juu yake kwa mguu mmoja.

Kazi hiyo Bi Sihaba aliirithi kwa mama yake. Mama yake hakusoma. Hakuwahi kusikia habari za bakteria, vile vijidudu visivyoonekana vinavyojificha ndani ya mbegu na kungoja mvua. Alichojua ni kwamba mbegu isiyopitishwa kwenye maji ya moto huota vizuri, hunawiri vizuri, kisha ukingo wa jani hugeuka manjano, ile manjano ikachongoka kuelekea ndani ya jani kama pembe ya andazi, mishipa ikawa myeusi, na kabichi ikaoza imesimama. Kwa hiyo alizipitisha, na kipimo chake kilikuwa kidole na adabu njema. Unachovya kidole, unayaamkia maji: "Shikamoo." Yakikukatiza katikati ya neno, yamezidi, mbegu zitaiva. Yakikuacha umalize na bado ukakaa kungoja marahaba, yamepoa, hapo unaviogesha vijidudu. Maji ya mbegu ni yale yanayokuacha umalize kuamkia kisha yanakufukuza. Ukishayapata, unakoroga kwa mwiko na kuimba wimbo wa kuloweka, beti kumi na mbili, mara mbili, bila kuharakisha. Halafu maji baridi, halafu ungo, halafu kivuli. Basi.

*

Enzi za mama yake, kila bonde lililoweka mbegu zake katika sufuria yake. Mtukufu Mlezi alipoingia madarakani hakulipenda jambo hilo hata kidogo. "Kila bonde na sufuria yake!" alinguruma redioni. "Huu ni ukabila wa mboga!" Ndipo likafuliwa Karai la Umoja, na mbegu za wilaya arobaini zikaamriwa kuoga pamoja.

Mtukufu akaamua pia kwamba haitoshi mbegu kuoga, lazima ziguswe naye. Mwaka wa kwanza alikunja mkono wa kanzu, akatumbukiza mkono karaini, na mara hiyo hiyo akautoa. Gazeti la serikali kesho yake liliandika: MTUKUFU ATOA MKONO MAJINI KWA KASI YA MAENDELEO. Lakini Ikulu haikucheka. Waziri wa Itifaki, Mheshimiwa Zumari, alitoa waraka wa kurasa sita unaosema kwamba kuanzia siku hiyo maji ya Karai yatakuwa na "vuguvugu la heshima", ambalo lilifafanuliwa katika ukurasa wa nne kuwa ni joto la supu iliyosahauliwa mezani. Na kwa kuwa mkono sasa ulikuwa unastarehe, Mtukufu akaona hana sababu ya kuutoa upesi. Akaanza kuhutubia akiwa ameutia majini. Mwaka wa pili alihutubia saa moja, mwaka wa tano saa mbili, na ilipofika mwaka wa kumi na tano alikuwa akihutubia saa tatu na nusu, mkono umo karaini, vidole vimejikunja.

Vijidudu navyo vilisikiliza kwa makini. Vilikuwa katika mbegu chache tu za wilaya moja ya mashariki, lakini katika saa tatu na nusu za vuguvugu vilitembea vikaamkiana na wilaya zote arobaini. Hakuna raia wa Jamhuri aliyewahi kuufaidi umoja kama hivyo vijidudu.

*

"Dada, njoo uone," alisema Mwajabu. "Andazi limerudi."

Mwajabu alikuwa mdogo wake Bi Sihaba, mkulima wa kabichi kule Bonde la Tope, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa ambacho siku hiyo hakikuwapo. Shamba lake ndilo lililomlisha yeye na mumewe mgonjwa, na ndipo kaburi la mama yao lilipo, pembezoni, karibu na mfereji. Bi Sihaba aliinama akavunja kabichi moja. Majani yalikuwa na pembe za manjano kila ukingo. Alipolikata shina, ndani mlikuwa na duara jeusi, na harufu ikamfanya ageuze uso.

"Zimetoka nalo karaini, mdogo wangu. Ugonjwa umo ndani ya mbegu."

"Sasa si uyapashe hayo maji? Kuni si unazo wewe?"

"Kuni ninazo. Mkono si wangu."

Mwajabu aliketi juu ya tuta. Huo ulikuwa msimu wake wa pili kukosa mavuno, na Jamhuri ilikuwa na kitu kiitwacho Sheria ya Misimu Mitatu. Mkulima atakayekosa mavuno mara tatu mfululizo anahesabiwa mzembe, na shamba lake anapewa mtu mwenye bidii. Watu wenye bidii, kwa bahati nzuri, wote walikuwa na undugu na mawaziri, na bidii yao ilionekana katika nyasi fupi walizopanda ili wachezee gofu. Mmoja wao alikwisha kuja Bonde la Tope mara mbili, amevaa kofia nyeupe, akapima shamba la Mwajabu kwa hatua zake. Pale penye kaburi alichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Hapo pangekuwa na shimo la tisa.

Serikali haikukaa kimya, isije ikasingiziwa. Iliunda tume. Neno "kuoza" lilikuwa limepigwa marufuku, maana Mtukufu alilisikia kama neno la upinzani, kwa hiyo iliitwa Tume ya Kuchunguza Mabadiliko ya Rangi. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Kizibo, msomi mwenye shahada saba na kikohozi kimoja kirefu alichokitumia kila alipoulizwa swali. Wajumbe walikuwa tisa, magari kumi na moja. Walizunguka mabonde kwa miezi sita, wakila kondoo kwa kuwa kabichi zilikuwa zinanuka, kisha wakaandika kwamba mabadiliko ya rangi yanasababishwa na wakulima wanaoitazama mimea kwa jicho la mashaka. Walipendekeza wakulima watabasamu shambani, na kwa muda huo wa mpito kila mmoja apewe kopo la rangi ya kijani na brashi.

Loo, walipaka! Nchi nzima ilipaka. Mtukufu alipopita kwenye ziara yake aliona kabichi zinang'aa hadi barabarani, akafurahi, akachuma moja mwenyewe akaamuru ipikwe. Kwa siku tatu alitabasamu kijani, na gazeti likasema huo ndio uzalendo.

*

Msimu wa tatu ulipokaribia, Bi Sihaba alivaa khanga yake mpya akaenda mjini kwa Waziri wa Itifaki. Alingoja siku mbili kwenye benchi. Mheshimiwa Zumari alikuwa na umri wa mwanawe wa kwanza, lakini katika Jamhuri cheo huongeza miaka, kwa hiyo bibi mzima ndiye aliyeamkia, na Waziri ndiye aliyeitikia marahaba, bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

"Mheshimiwa, nimekuja juu ya maji. Mwaka huu yawe ya moto kama zamani, la sivyo tumekwisha. Mbegu nzima ghalani hakuna. Hizi zilizobaki zikiloweshwa vuguvugu, hakuna atakayevuna."

"Mama, ngoja kwanza. Hayo ni maji ya nani?"

"Ya mbegu, Mheshimiwa."

Waziri alicheka kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto. "Ni maji ya Mtukufu, mama. Mbegu ni wageni waalikwa."

"Basi Mtukufu atie mkono mwanzo, maji yakiwa bado baridi, kisha mimi nichochee."

"Maji baridi? Apate mafua?"

"Basi asitie."

Mpiga chapa aliacha kupiga. Mtu mmoja aliyekuwa akifuta vumbi alikwenda kufunga dirisha. Mheshimiwa Zumari aliivua miwani yake akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," alisema hatimaye, "mimi nitafanya kama sikusikia, na wewe ufanye kama hukusema. Nenda nyumbani. Utapata majibu ya maandishi."

Majibu yalikuja baada ya wiki moja, yana mihuri mitatu: Maombi yako yamepokelewa, yamesomwa na yamesikitikiwa. Bi Sihaba, aliyejua kusoma kidogo, aliyasoma mara mbili. Kisha aliyatia jikoni chini ya chungu, na chungu kilichemka vizuri sana. Ilikuwa mara ya kwanza ofisi ile kumsaidia mtu kupata moto.

*

Siku ya Kuloweka ilifika. Watu elfu arobaini waliletwa uwanjani kwa malori wakapewa vibendera na maji ya kunywa. Bi Sihaba alikuwa amefika mapema na wanawake wenzake sita wa Bonde la Tope, na mzigo wa kuni za mkaratusi, zile zinazowaka kwa hasira. Alichochea. Alifunika karai kwa mfuniko wake wa shaba akachochea tena.

Aliogopa, asisingiziwe ushujaa. Mara mbili alishika gogo kulitoa motoni akalirudisha. Kila alipotaka kulitoa aliona kile kijiti chenye kitambaa chekundu kimesimama juu ya mama yake. Alifunua mfuniko kidogo, akachovya kidole, akasema polepole, "Shikamoo." Akakitoa upesi. Yalikuwa yenyewe.

Mheshimiwa Zumari alikuja kukagua vuguvugu. Kwa mujibu wa waraka wake mwenyewe, hakuna mtu aruhusiwaye kugusa maji kwa ngozi tupu kabla ya Mtukufu, kwa hiyo aliyapima akiwa amevaa glavu nyeupe za itifaki, jozi tatu, moja juu ya nyingine. Alitia ncha ya kidole, akatafakari.

"Vuguvugu la heshima," alitangaza, na karani akaandika.

"Na huu moshi mweupe unaopanda?" aliuliza mtangazaji wa Redio ya Jamhuri.

"Ni hamasa," alisema Waziri.

"Wasikilizaji," mtangazaji alipaza sauti, "hamasa mnaiona wenyewe inavyopanda!"

Mbegu zikamiminwa. Mtukufu Mlezi akaletwa kwa zulia, akapanda jukwaani, akakunja mkono wa kanzu. Ieleweke kwamba katika Jamhuri ni desturi umati kurudia kila neno la Mtukufu, ili lisipotee, na anayechelewa kurudia huulizwa sababu.

"Wananchi wenzangu!" alisema Mtukufu.

"Wananchi wenzangu!" waliitikia watu elfu arobaini.

Akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Uuuwi! Mama yangu nakufa!"

"Uuuwi! Mama yangu nakufa!" uwanja ulinguruma, vibendera vikapepea.

"Nimeungua!"

"Nimeungua!"

"Nyamazeni, mbwa nyinyi!"

"Nyamazeni, mbwa nyinyi!" walijibu kwa moyo mmoja, wakapiga makofi, maana walikuwa hawajawahi kusikia hotuba inayoeleweka namna ile. Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Mtukufu akabebwa mbiombio hadi kwenye gari, akakimbizwa hospitali nchi za nje, na nyuma yake wakakimbia mawaziri, makatibu, wakuu wa wilaya na Profesa Kizibo, kila mmoja akihofia kuonekana wa mwisho kuhuzunika. Umati nao ukatawanyika. Katika muda wa kuchemsha yai, uwanja ukabaki mtupu, na pale katikati pakabaki karai, mbegu, na wanawake saba wenye miiko.

Hapakuwa na hotuba. Bi Sihaba alianza ubeti wa kwanza, wenzake wakapokea.

Polisi walirudi kumkamata wanawake wakiwa mzunguko wa pili, ubeti wa tisa.

"Beti tatu tu zimebaki, wanangu," aliwaambia bila kuacha kukoroga. "Nimalizie, kisha nifungeni."

Askari walikuwa wanne, na nyumbani kwao wote walilima kabichi. Walitazamana. Sajini wao akasema atafunga kamba za viatu vyake kwanza, akainama, na zilimchukua muda mrefu ule ule uliohitajika. Mmoja alisikika akiitikia kiitikio.

*

Shtaka liliandikwa hivi: Kumpa Mkuu wa Nchi joto lisilo la kiitifaki.

"Maji yalikuwa ya mbegu," Bi Sihaba alimwambia hakimu.

"Mahakama hii haizijui mbegu," alisema hakimu. "Hazikuletwa kama shahidi. Miaka mitatu."

Basi akaingia gerezani, na mbegu zikaingia ardhini, maana makarani wa ghala hawakupata amri ya kutozigawa na waliogopa kuulizwa. Mvua zikanyesha. Na kabichi za mwaka ule, jamani! Kichwa kimoja hakikuingia kikapuni. Jani halikuwa na doa, shina ukilikata ni jeupe mpaka katikati. Bwana wa kofia nyeupe alikuja Bonde la Tope na ofisa wa ardhi kuchukua shamba la Mwajabu, wakamkuta amesimama katikati ya kabichi zinazomfika kiunoni, amerudiwa na kicheko chake. Ofisa aliondoka na kabichi tano kwa uchunguzi. Mwajabu aling'oa kile kijiti akakitupa mferejini.

Mtukufu naye alirudi, mkono umefungwa bandeji, akauliza kwa nini mwaka huu nchi inanawiri bila yeye kuhutubia. Swali hilo lilikuwa la hatari sana. Tume iliitwa tena, na Profesa Kizibo akakohoa kwa wiki tatu mfululizo mpaka akapata jibu.

"Kitaalamu," alieleza, "kilichobadilika mwaka huu ni kimoja tu. Ukelele wa Mtukufu. Mtikisiko wa sauti ile takatifu uliwashtua wadudu, wakahama nchi."

Mtukufu alisikiliza, akaona ni kweli. Siku ya Kuloweka iliyofuata, maji yalirudishwa kwenye vuguvugu, hotuba ikawa ya saa saba ili kufidia ile iliyopotea, na ukelele uliorekodiwa ukapigwa kwenye vipaza sauti. Kila mkulima aliagizwa asimame shambani mwake asubuhi na kupiga kelele mara tatu, "Uuuwi! Mama yangu nakufa!" Walipiga. Mwanzoni walipiga kwa kuwa ni amri. Kabichi zilipoanza kutoa pembe za andazi na kunuka, walipiga bila kuagizwa. Tume ikaandika kwamba wakulima hawana moyo wa dhati katika kupiga kelele.

*

Kisheria, wafungwa si sehemu ya umoja wa taifa. Kwa sababu hiyo bustani ya gereza la wanawake haikupewa mbegu za Karai, ilipewa masazo ya ghalani, yaliyofagiliwa pamoja na vumbi. Mkuu wa zamu, Sajini Tunu, alikuwa mama mtu mzima aliyechoshwa na maharage, na Bi Sihaba alipomwomba sufuria ya uji kwa nusu saa hakumuuliza mengi.

Bi Sihaba aliyaamkia maji, akaimba beti zake na wafungwa wenzake, akaanika kwenye ungo kivulini. Kabichi za gereza zikawa hazina mfano. Habari zikatoka. Wake wa maofisa wakaanza kufika getini na vikapu, kisha mpishi wa Ikulu naye akafika, kwanza amejitanda, baadaye waziwazi. Katika mwaka wa pili wa ugonjwa hapakuwa na kabichi nzima mahali popote katika Jamhuri ila ndani ya ukuta ule.

Tume ikaja. Wajumbe tisa waliingia na futi zao za kupimia, wakapima ukuta, wakapima lango, wakahesabu miba ya seng'enge mmoja mmoja. Bi Sihaba alikuwa akipalilia pale pale miguuni pao.

"Ni maji, Profesa," alisema. "Maji ya moto. Njoo nikuonyeshe, hayachukui hata saa."

Profesa Kizibo alikohoa. "Maji hayamo katika hadidu za rejea, mama."

"Na nini kimo?"

"Tofauti inayoonekana kwa macho. Hapa kuna seng'enge, kwingine hakuna." Akawageukia wenzake, uso umemchangamka kama mtu aliyetua mzigo. "Andikeni! Ni seng'enge."

Mtukufu aliidhinisha siku hiyo hiyo, hasa kwa kuwa shemeji yake alikuwa na kiwanda cha seng'enge. Mashamba yote ya nchi yakazungushiwa waya wa miba, yakawekwa lango na kufuli, na kila lango likapewa karani wa kulitunza. Amri ilisema gereza liigwe kwa kila jambo, pasiachwe hata nukta.

*

Bi Sihaba alimaliza kifungo chake mwanzoni mwa mvua. Ilikuwa marufuku kutoka na kitu chochote cha gereza. Sajini Tunu alimpekua, akafika kwenye pindo la khanga, akahisi kifundo kidogo kigumu kilichojaa mbegu. Alikibonyeza mara moja kwa vidole, akamtazama yule bibi, akasema, "Huyu safi," akageuka kumkemea mtu mwingine asiye na kosa.

Mwajabu alimngoja nje, amekonda. Walishikana wakalia kidogo, kisha wakaondoka kwa miguu. Njia nzima kulia na kushoto ilikuwa seng'enge, na nyuma yake kabichi nyeusi zinanuka.

"Misimu miwili tena imekwenda, dada," alisema Mwajabu. "Huu ndio wa tatu. Na yule wa kofia amekwisha kuchomeka kijiti kingine."

"Tunazo," alisema Bi Sihaba, akapapasa pindo. "Hazijapita maji bado, lakini tunazo. Tufike tu shambani leo, mvua isitupite."

Walifika. Lango lilikuwa na kufuli mbili, na mbele yake, nyuma ya meza ndogo, aliketi karani mwenye suruali iliyopigwa pasi.

"Nataka kuingia shambani kwangu," alisema Mwajabu.

"Fomu," alisema karani, akatoa moja, akaanza kujaza. "Jina?"

"Mwajabu wa Bonde la Tope."

"Kosa?"

"Kosa gani?"

"Lako. Hapa panauliza kosa." Karani aligeuza fomu waione. Ilikuwa fomu ya gereza, neno kwa neno, imebadilishwa kichwa tu. Jina, kosa, muda wa kifungo, alama za mwilini.

"Sina kosa mimi," alisema Mwajabu.

"Basi huwezi kuingia. Mama, mimi sikuitunga. Pakibaki wazi, fomu inarudishwa makao makuu, na makao makuu wanachukua miezi minne."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya meza. Mwajabu alilitazama. Alitazama ng'ambo ya waya, kwenye kaburi la mama yao lenye kitambaa chekundu, kisha akamtazama dada yake, aliyekuwa ameshika pindo la khanga kwa mikono miwili.

"Andika," alisema. "Kosa: kulima kabichi."

Karani aliandika kwa mwandiko mzuri. "Muda?"

"Andika maisha."

"Na huyu?"

"Huyu ni yule yule," alisema Bi Sihaba, akijigusa kifua. "Karudia kosa."

Karani alipiga mihuri mitatu, akafungua kufuli zote mbili, wakaingia, na kama fomu ilivyoelekeza akazifunga nyuma yao. Walifyeka majani yaliyooza wakayachoma mbali. Mwajabu alikitoa kile kijiti chenye kitambaa chekundu, na kwa kuwa kilikuwa kikavu, akakitia kwenye kuni. Bi Sihaba alipanga mafiga matatu chini ya banda, akateleka sufuria, akangoja. Maji yalipoanza kutoa mvuke alikunja khanga, akachovya kidole.

"Shikamoo," aliyaambia polepole, kwa heshima yake yote.

"Marahaba," aliitikia karani kutoka ng'ambo ya seng'enge, bila kuinua macho kwenye karatasi zake.